Ufadhili wa Asilimia Mia, na Milioni Tano Zinazotangulia

Tuanze na Sh 5,570,000. Hizo ndizo fedha ambazo kijana wa Umwe, kata iliyo ubavuni mwa Ikwiriri wilayani Rufiji, anahitaji kuwa nazo mkononi ili aupokee ufadhili wa Ulaya unaotangazwa kwamba ni kamili. Ada yake imeshalipwa. Bima imeshalipwa. Posho ya kila mwezi ipo, tena nono. Bado anatakiwa kutafuta milioni tano na nusu, na azipate kabla ya kupokea hata senti moja ya hiyo posho.

Viwango nilivyotumia ni vya kukadiria, ili mtu aweze kufuata hesabu kwa kichwa: dola moja Sh 2,500, yuro 2,900, pauni 3,300, yuan ya China 350. Pale nitakapogeuza fedha kuwa ufuta, zao la wakulima wa huko, kilo nimeiweka Sh 3,000, ingawa kila aliyewahi kukaa mnadani anajua bei hiyo hupanda na kushuka kama maji ya Rufiji.

Mfano wenyewe ni Erasmus Mundus, shahada ya uzamili inayosomwa katika vyuo vya nchi mbili au zaidi, ikigharimiwa na Umoja wa Ulaya. Posho yake ni yuro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Jumla inakuwa yuro 33,600, sawa na Sh 97,440,000. Kuomba ni bure, na aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba alimradi amalize kabla masomo mapya hayajaanza. Kuna kanuni moja ambayo wengi hawaisomi: katika kila programu, raia wa nchi moja hawatakiwi kuzidi asilimia 10 ya ufadhili wote unaotolewa. Nchi zenye waombaji wengi mno hugonga dari hilo mapema. Tanzania haimo miongoni mwa nchi zinazojulikana kwa kujaza mafomu haya, kwa hiyo dari linatulinda kuliko linavyotubana.

Sasa sehemu inayouma. Tangu 2021 nauli ya ndege, viza na gharama za kuhamia hazilipwi pembeni. Zimefungwa humo humo ndani ya zile 1,400. Mwanafunzi analipa mwenyewe kwanza, posho inamkuta huko huko.

Tuhesabu. Pasipoti ya kielektroniki ni Sh 150,000. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unazidi dola 200. Tuweke Sh 600,000. Kudurufu vyeti, mihuri ya wakili na kutuma nyaraka, Sh 100,000. Safari za Dar es Salaam: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliweka nauli ya basi la kawaida kuwa Sh 48.47 kwa kilomita mwishoni mwa 2023, na kwa kilomita 170 hivi kutoka Ikwiriri hiyo ni kama Sh 8,240 kwa kwenda tu. Ongeza boda ya kutoka Umwe hadi stendi, daladala ya kutoka Mbagala Rangi Tatu kuingia mjini, sahani ya wali mchana, kisha kurudi: Sh 25,000 kwa safari moja ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Safari sita zinakuwa 150,000. Sita si nyingi. Ofisi za mkoa wa Pwani ziko Kibaha, na mtu wa Rufiji haendi Kibaha bila kupita Dar. Viza ya Ujerumani ya kukaa muda mrefu ni yuro 75, ya nchi nyingine huzidi. Tuweke 250,000 kwa ujumla. Tiketi ya kwenda, iliyonunuliwa mapema, 2,000,000. Kisha yuro 800 za kulipia chumba cha kwanza, amana yake na chakula cha wiki za mwanzo, wakati akaunti ya benki ya kule haijafunguliwa: 2,320,000.

Ukijumlisha unapata 5,570,000. Kwa ufuta hizo ni kilo 1,857, karibu magunia 19 ya kilo mia. Ekari ya mkulima mdogo ikitoa kilo 250, ni mavuno yote ya ekari saba na nusu, kabla hujalipa kibarua, kabla hujala. Na mwaka wenyewe uwe mzuri. Aprili 2024 mafuriko yalipoingia bonde la Rufiji, kuna kaya za Rufiji na Kibiti ambazo hazikuvuna kitu.

Lakini milioni tano na nusu si fedha ya aina moja, na hapa ndipo watu wanapojichanganya. Sehemu yake inatumika kabla hujajua kama umepata: pasipoti, ambayo fomu nyingi huidai, mtihani wa Kiingereza, nyaraka, na tuseme safari nne kati ya zile sita. Hiyo ni Sh 950,000. Naiita fedha ya bahati, kwa sababu ukikosa haikurudii. Iliyobaki, Sh 4,620,000, inatumika baada ya barua ya kukubaliwa kufika. Hiyo ni fedha ya pengo. Fedha ya bahati ni hasara inayowezekana. Fedha ya pengo ni mkopo ambao unajua kabisa utalipwa na nini.

Angalia sasa kinachotokea kule ng'ambo. Mwanafunzi anayepokea yuro 1,400 na kuishi mji wa wastani anaweza, akijibana, kuweka pembeni yuro 400 kwa mwezi. Hizo ni Sh 1,160,000. Kwa miezi mitano amerudisha fedha yote iliyomsafirisha, na miezi 19 ya posho bado iko mbele yake. Kwa hiyo kinachomzuia kijana wa Umwe kwenda si umaskini wa miaka miwili. Ni miezi mitano.

Pengo hili ni la zamani. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipokuwa akizunguka Marekani, vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa tayari na nafasi na ufadhili wa masomo katika vyuo vya huko. Hawakuwa na ndege. Serikali ya Marekani ilikataa kulipa nauli, basi wahisani wakachanga, ndege ikakodiwa, na wanafunzi 81 wakaruka Septemba mwaka huo. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa kazi hiyo hiyo, na miongoni mwa waliosafiri 1960 alikuwa Wangari Maathai. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevuka. Historia inawakumbuka kama watu waliopewa elimu, nami naona walichopewa hasa ni tiketi. Elimu walikuwa wameshaipata kwa barua zao wenyewe. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh 1949, serikali ya kikoloni ndiyo iliyomgharimia, kwa hiyo swali la nauli halikumfika namna hiyo.

Nirudi kwenye fedha ya bahati, maana ndiyo inayopunguzika kirahisi. Laki sita za IELTS ni karibu theluthi mbili yake, na mara nyingi hazihitajiki. Programu nyingi zinakubali barua ya chuo inayothibitisha kwamba mwombaji amefundishwa kwa Kiingereza, na vyuo vyetu vikuu vinafundisha kwa Kiingereza. Barua hiyo huombwa kwa msajili wa chuo, kwa hiyo iombwe ukiwa bado chuoni. Ukishamaliza na kurudi Ikwiriri, kuifuata ni safari nyingine. Pasipo barua, upo mtihani wa Duolingo unaofanywa kwenye kompyuta kwa kama dola 70, yaani Sh 175,000, kwa vyuo vinavyoupokea. Na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, yenyewe haidai tena cheti cha Kiingereza. Utadaiwa na chuo tu, kikitaka.

Ukiwa na barua ya chuo, fedha ya bahati inashuka kutoka 950,000 hadi 350,000. Mwanafunzi anayepata bumu la Bodi ya Mikopo, Sh 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, akibana elfu moja kila siku kwa siku 240 za masomo anafikisha 240,000. Najua elfu moja ni chai na chapati mbili. Najua pia wapo wanaotuma nusu ya bumu nyumbani. Hesabu hii ni ya yule anayeweza.

Kazi yenyewe ya kuomba hufanyika steshenari, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya kompyuta ambayo herufi za kibodi zimefutika. Faili la vyeti linakataa kupanda kwa sababu limezidi ukubwa, kijana wa steshenari analibana, maandishi ya muhuri yanakuwa ukungu, linarudiwa. Umeme ukikatika katikati ya fomu mnacheka, kwa kuwa bwawa la Mwalimu Nyerere lenye megawati 2,115 liko kwenye mto huu huu. Malipo ya hapo ni mamia ya shilingi kwa karatasi. Kinachogharimu ni kufika siku ya mwisho ya dirisha la maombi na kukuta foleni.

Sasa ufadhili mwingine, kwa kipimo hicho hicho cha fedha inayotoka mfukoni kabla ya posho.

Chevening, iliyoanza 1983, ndiyo nyepesi kuliko zote kwenye pengo. Inalipa ada, viza, tiketi, na fedha ya kufikia. Bei yake iko kwingine: inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Kwa saa 40 kwa wiki hizo ni wiki 70. Kwa saa 20 ni wiki 140. Habari njema ni kwamba kazi ya muda na ya kujitolea zinahesabiwa, na za aina hiyo Rufiji zipo, ila vijana hawaziandiki popote. Mwalimu wa kujitolea anayefundisha hisabati sekondari ya kata, saa 25 kwa wiki, anamaliza deni hilo kwa wiki 112. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake Ikwiriri, na imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa kaya za Rufiji. Mdadisi anayepita nyumba kwa nyumba na kishikwambi anakusanya saa, na anakusanya pia kitu cha kueleza kwenye insha. Ombi la barua inayoonyesha tarehe na saa za kazi lifanywe siku unapoondoka kazini, si miaka mitatu baadaye mkuu wa shule akiwa ameshahamishwa. Wanaochukuliwa dunia nzima kwa mwaka ni takriban 1,500 kutoka nchi zaidi ya 160, kwa hiyo wastani hauzidi watu kumi kwa nchi. Baada ya masomo unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili.

DAAD ya Ujerumani, katika kundi lake la kozi za maendeleo, nayo kwa kawaida hudai miaka miwili ya kazi. Posho ya uzamili ni yuro 992 kwa mwezi, na kuna mchango wa nauli na bima. Namba hiyo 992 ina pacha wake wa kutisha. Asiye na ufadhili akitaka kusoma Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi ada, lazima afungie benki yuro 11,904 za mwaka mmoja, yaani 992 mara 12. Kwa fedha yetu ni Sh 34,521,600, au tani kumi na moja na nusu za ufuta, mavuno ya ekari 46. Ndiyo maana msemo kwamba Ujerumani kusoma ni bure humfanya mzee wa Umwe aguse kofia yake. Barua ya DAAD hufuta sharti hilo la akaunti, na kwangu hiyo peke yake ni thamani ambayo haitajwi kwenye tangazo.

China hutoa ada, chumba, bima na yuan 3,000 kwa mwezi kwa uzamili; wa shahada ya kwanza hupata 2,500. Yuan 3,000 ni Sh 1,050,000. Tiketi kwa kawaida ni yako, na baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi ya yuan mia kadhaa. Kwa kuwa chumba kimelipwa, ule mzigo wa 2,320,000 wa kufikia unapungua sana, lakini posho ndogo inafanya kurudisha deni kuchukue muda mrefu zaidi. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, inalipa tiketi ya kwenda na ya kurudi, hosteli na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Fomu yake ni bure na dirisha huwa kati ya tarehe 10 Januari na 20 Februari. Kwa aliyetoka kidato cha sita bila mtaji wowote, ningemwambia aanzie hapo.

Na nje si lazima iwe ng'ambo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limekuwa na ufadhili wa uzamili wa sayansi na uhandisi unaogharimiwa na Ujerumani, kwa wanaokwenda kusoma nchi nyingine ya jumuiya. Makerere na Chuo Kikuu cha Rwanda ni washirika wa mpango wa ufadhili wa Mastercard Foundation. Kampala unafika kwa basi. Tiketi ya ndege inatoka kwenye hesabu, amana ya chumba inapungua, na pengo la milioni nne na nusu linaweza kushuka chini ya milioni moja. Sijui kwa nini kamati za familia huipokea Kampala kwa kununa.

Tahadhari moja kubwa kabla ya kuendelea: ufadhili nusu. Barua inakuja na nembo ya chuo cha Uingereza, imeandikwa hongera, umepewa asilimia 50. Ada ikiwa pauni 20,000, bado unadaiwa 10,000. Kisha viza inataka uonyeshe fedha za kujikimu kwa miezi tisa. Katikati ya 2025, nje ya London, kiwango kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, yaani 10,224. Viza yenyewe ilikuwa pauni 524. Ada ya huduma ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, na kwa shahada ya mwaka mmoja, ambayo viza yake huzidi miezi 12, unalipa 1,164. Jumla pauni 21,912, au Sh 72,309,600. Punguzo hilo lina bei ya tani 24 za ufuta. Mawakala wa vyuo huzipenda barua hizi, na hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayefika. Wakala anayeomba fedha ya kukuhakikishia ufadhili kamili anauza kitu asichonacho, kwa sababu fomu za ufadhili nilioutaja hapa hujazwa na mwombaji mwenyewe.

Basi fedha ya pengo itoke wapi? Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 hauna riba, na vijana wana fungu lao la asilimia 4, lakini ni wa vikundi vya uzalishaji. Tiketi ya ndege si mradi wa kufuga kuku. Mkopo wa taasisi ndogo ya fedha una ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Sh 4,620,000 hiyo ni 161,700 kila mwezi, na kwa miezi mitano 808,500. Inauma ila inabebeka. Kausha damu, ambao hawaujui ukomo huo, usiwasogelee hata kwa kusalimia.

Na kuna mchango. Kamati ya harusi ya kawaida hugawa kadi za singo kwa Sh 50,000 na dabo kwa 100,000. Dabo 60 ni milioni sita, zaidi ya gharama yote niliyoianza nayo, na fedha ya harusi haina miezi mitano ya kurudi. Sisemi watu wasioe. Nasema uwezo wa kuchanga milioni sita ndani ya miezi miwili upo Ikwiriri, umejaribiwa, na una wahasibu wake, watu wanaojua nani ameahidi na nani ametoa.

Msimu nao uko upande wetu. Korosho za Pwani huuzwa kuanzia Oktoba, na huo ndio wakati madirisha mengi ya Ulaya yako wazi na fedha ya bahati inahitajika. Majibu ya Erasmus Mundus huanza kutoka Machi na Aprili. Minada ya ufuta inakuja katikati ya mwaka, wakati wa kuomba viza na kukata tiketi. Wakati huo huo ufuatiliwe pia ukaguzi wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Kaya ya wakulima ina shida na mkopo unaodai marejesho kila mwezi. Kwa mzunguko huu wa Oktoba na Juni haina shida.

Kaya 20 zikiweka Sh 250,000 kila moja kwenye kibubu cha pamoja, mara moja tu, zinapata milioni tano. Mwanafunzi wa kwanza anaondoka Septemba, anarudisha yuro 400 kila mwezi kuanzia Oktoba, na Februari ameshatuma 5,800,000. Machi barua za mwaka mwingine zinatoka na kibubu kina fedha zaidi ya kilizoanza nazo. Kifungu kigumu cha mkataba wa kibubu hicho ni cha viza ikikataliwa baada ya tiketi kununuliwa. Ningeandika hivi: tiketi isilipwe mpaka viza ibandikwe, hata ikipanda kwa laki tatu, na ada ya viza iliyopotea igawanywe kwa kaya zote 20. Hiyo ni Sh 12,500 kwa kaya.